Ngoma na Mwenye Ngoma: Bi Kidude na Mipaka ya Mwanamke Jukwaani

Katika nyanda za juu za Kigoma, kutoka Kasulu mpaka Kibondo, ngoma haikuwa kamwe chombo cha kufurahishia watu tu. Waha wa nchi hiyo na Warundi wa ng'ambo ya mpaka husikilizana kwa lugha zao, na katika Kirundi neno moja, ingoma, hubeba maana mbili kwa pamoja: ngoma inayopigwa na ufalme unaotawala. Falme za kale za Buha, nazo ni Heru ya Kasulu, Muhambwe ya Kibondo na Buyungu ya Kakonko, kila mmoja ulikuwa na Mwami wake. Na katika nchi zote za Maziwa Makuu ni alama chache za enzi zilizoheshimiwa kama ngoma. Aliyekuwa na ngoma alikuwa na nchi.

Nyanda hizo hizo zimepokea wakimbizi kwa zaidi ya nusu karne. Walikuja Warundi baada ya mauaji ya mwaka 1972, wakaja tena baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwaka 1993, na wakaja mara nyingine kufuatia machafuko ya mwaka 2015. Majina ya Mtabila na Nyarugusu katika Kasulu, Kanembwa na Nduta katika Kibondo, yamekuwa majina ya makambi kabla ya kuwa majina ya vijiji katika masikio ya walimwengu. Mtu anayekimbia hachukui mengi, lakini ngoma huichukua hata akiiacha, kwa kuwa huibeba mikononi na kifuani. Makambini ngoma zikachongwa upya na kuwambwa upya, na wapigaji, ambao Warundi huwaita abatimbo, wakasimama tena kwa safu kama walivyosimama mbele ya wafalme.

Ngoma hiyo huchongwa katika gogo la mti ambao Waswahili huuita mringaringa, hubebwa kichwani, na hupigwa na mwanamume aliyesimama. Viungo vyake vina majina ya kushangaza. Vigingi vinavyoshika ngozi huitwa maziwa ya mama. Tako lake jembamba huitwa kitovu. Kiwiliwili chake ni tumbo, na ukanda unaoizunguka una jina la taji analovishwa mwanamke aliyezaa. Yaani ngoma yote, tangu juu hadi chini, ni mwili wa mwanamke. Lakini mwanamke haruhusiwi kuipiga. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya turathi za binadamu wote. Miaka mitatu baadaye, mwezi Oktoba 1917 ukiwa umepita karne nzima, yaani Oktoba 2017, amri ya Rais wa Burundi ikatamka kwa maandishi kwamba kupiga ngoma hiyo ni kazi ya wanaume peke yao, na kwamba wanawake wabaki na ngoma zao za kucheza. Jambo lililokuwa mazoea likawa sheria.

Amri kama hiyo huleta swali ambalo watu wa pwani wanalijua kwa sura nyingine. Je, ngoma ina jinsia? Na kama inayo, ameipa nani: aliyeumba mti na ngozi, au waliokaa barazani wakaamua? Jawabu lililo kamili kuliko yote katika Afrika ya Mashariki halikuandikwa kitabuni wala halikutolewa mahakamani. Lilitolewa upande wa pili wa ile njia kuu iliyotoka Ujiji, ikapita Tabora, ikateremka Bagamoyo na kuvuka bahari. Lilitolewa Unguja, na mwanamke mmoja aliyefunga ngoma kiunoni kwa kanga, akaipanda kama mpanda farasi, akaipiga mbele ya kadamnasi kwa miaka mingi kuliko umri wa watu wengi. Jina lake ni Fatuma binti Baraka, na dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude.

Alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo, kisiwani Unguja, kwa baba aliyekuwa muuza nazi. Siku ya kuzaliwa kwake haikuandikwa. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba alizaliwa zama za rupia, na rupia ilitumika Zanzibar mpaka ilipobadilishwa kwa shilingi mwaka 1936. Waandishi wengi hukisia kwamba alizaliwa karibu na mwaka 1910. Jina la Kidude, lenye maana ya kitu kidogo kisichotajika vizuri, alipewa kwa udogo wa umbo lake alipozaliwa. Ni jina la utani ambalo wengine wangelikimbia. Yeye alilishika, akatembea nalo mpaka likawa kubwa.

Ili kupima aliyoyafanya, yafaa kwanza kukumbuka jukwaa lilikuwa la nani. Masimulizi ya taarab huanza katika kasri la Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ambaye alimpeleka Misri kijana mmoja, Mohamed Ibrahim, akajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 ikaundwa Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya waungwana wa mjini. Wanachama walikuwa wanaume, wapigaji walikuwa wanaume, na lugha ya kuimbia ilikuwa Kiarabu. Mwanamke katika majlisi hiyo alikuwa mtajwa katika ubeti, si mwimbaji wa ubeti.

Aliyeuvunja utaratibu huo ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa watu wa asili ya utumwa, ambaye jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, lakini jina lilibaki juu ya watu kama chapa. Siti aliingia mjini, akaimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay na wenzake kurekodi sahani za santuri zilizomfanya awe sauti ya pwani nzima. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu wake. Lakini hata Siti, pamoja na ushujaa wake wote, aliimba akiwa amejisitiri. Alivuka mlango wa majlisi, lakini aliuvuka akiwa na ushungi wake.

Kidude alikua akizisikia nyimbo za Siti. Alizihifadhi kwa masikio, kwa sababu chuo cha kusoma hakukimaliza, na baadhi yake aliendelea kuziimba hata miaka ya uzee wake. Tofauti baina ya wawili hao ndiyo tofauti ya vizazi: Siti aliingia jukwaani kwa idhini ya waungwana waliompenda, Kidude aliingia bila kumwomba mtu. Alivua shela, akaimba uso wazi.

Maisha yake ya mapema ni maisha ya kukimbia. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi aliozwa kwa lazima, akaitoroka ndoa hiyo na kuvuka bara. Baadaye aliolewa tena, na ndoa ya pili nayo haikumwekea raha, akaondoka. Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1930 aliizunguka Tanganyika kwa miguu, pekupeku, akiimba alikopita, na kwamba alikaa Dar es Salaam akiimba na kikundi cha taarab ya mtindo wa Kimisri. Katika miaka ya 1940 alirejea Unguja, akajipatia kibanda cha udongo ambacho kilikuwa chake mwenyewe, si cha mume wala cha ndugu. Hakujaaliwa mtoto.

Tanganyika aliyoizunguka ilikuwa na wasanii wengi wa safari, na inafaa kuwatazama kwa sababu njia yao ilikuwa tofauti na yake. Tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa ngoma ya beni ilikuwa imetoka miji ya pwani ya Kenya na kuenea bara, ikibebwa na askari, makarani na wachukuzi wa Vita Kuu ya Kwanza. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kila kituo cha reli kikawa kituo cha ngoma. Vijana walivaa mavazi ya kijeshi, wakapeana vyeo vya kizungu, wakaandamana kwa matarumbeta. Baada ya beni vikaja vichekesho, michezo mifupi isiyoandikwa, iliyochanganywa na nyimbo na ngoma katika onyesho moja, na kupelekwa kutoka mji hadi mji. Desturi hiyo ya onyesho la mchanganyiko haikufa. Muungano, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1980, na Tanzania One Theatre, kilichoanza mwaka 1992, vilikuja kuwaonyesha watu wa mikoani kwa jioni moja taarab, ngoma za jadi, sarakasi, kichekesho na mchezo wa kuigiza.

Katika vichekesho vya zamani sehemu za wanawake zilichezwa na wanaume. Mwanamume alijifunga kanga, akajitia matiti ya matambara, akatembea kwa madaha, na watu wakaanguka kwa kicheko. Alipomaliza alifungua kanga, akawa baba wa watu kama alivyokuwa. Kicheko kilikuwa ndiyo cheti chake cha safari: kilimruhusu kuvuka mpaka wa jinsia na kikamhakikishia kurudi. Hapana aliyemuuliza nani kamwoa au kwa nini halali kwake.

Mwanamke aliyevuka upande wa pili hakupewa cheti hicho. Aliyesafiri peke yake, akalala ugenini, akalipwa kwa sauti yake, akanywa na kuvuta sigara mbele za watu, hakuchekwa, alisemwa. Kiswahili kina neno jikedume, na neno hilo lina ncha mbili: mara husifu ushupavu, mara hutoa mtu katika safu ya wanawake wenye staha. Kidude alivuta sigara hadharani na hakuficha kwamba anakunywa pombe. Alinyoa kichwa pale alipotaka kunyoa. Alisafiri alikotaka. Hakudai kuwa mwanamume na hakujigeuza mtu mwingine ili aruhusiwe; alijifunga kanga zake, akavaa hina yake, akadai tu kwamba mambo ambayo mwanamume huyafanya bila kuulizwa, naye asiulizwe. Huenda ndilo lililokuwa gumu zaidi kwa watu kulimeza. Anayevaa vazi la jinsia nyingine huwa ameukubali mpaka, ndiyo maana amebadilisha nguo kabla ya kuuvuka. Kidude aliuvuka na nguo zake zile zile.

Hata hivyo, ni kosa kumsimulia kama mtu aliyezipa mgongo mila za kwao, na kosa hilo limefanywa mara nyingi na wageni waliomwandikia sifa. Bi Kidude alikuwa mwanamila wa ndani kabisa. Alikuwa mtu wa unyago.

Unyago wa Unguja ni ngoma ya kuwafunda wari, mabinti waliovunja ungo, na haukuzaliwa kisiwani. Ulivuka bahari pamoja na watu wa bara walioletwa kwa nguvu kuyatumikia mashamba ya karafuu na majumba ya mjini. Walinyang'anywa majina, nasaba na nchi. Wakabaki na walichokihifadhi kichwani, nacho ni pamoja na namna ya kumwingiza binti katika utu uzima. Katika chumba cha unyago somo na kungwi humfundisha mwari mwili wake, ndoa, usafi, heshima na starehe, kwa nyimbo, mafumbo na viungo vya mwili. Wanaume hawaingii. Kwa sababu wanaume hawaingii, kila kazi ya ngoma hufanywa na wanawake, pamoja na ile ambayo nje ya chumba ingeitwa kazi ya kiume: kuipiga msondo, ngoma ndefu ambayo mpigaji huisimamia akiwa ameibana baina ya miguu.

Hapa ndipo jawabu la swali la Kasulu linapopatikana. Mringaringa wa Buha na gogo la Unguja ni miti. Ngozi ni ngozi. Kule mwanamke akiigusa ngoma ameiharibu, huku mwanamume akiingia chumbani ameiharibu. Kama jinsia ingekuwa katika ngoma yenyewe, ingekuwa ile ile milimani na visiwani. Imo katika makubaliano ya watu, na makubaliano ya watu yana historia. Ya Burundi yalitoka katika ua wa mfalme. Ya Unguja yalitoka katika chumba cha wanawake wa shamba waliotolewa kwao, ambao hawakuwa na mfalme wa kuwapangia nani ashike nini.

Kwa hiyo Kidude alipofunga msondo kiunoni na kuupiga, hakuwa akiiga wanaume. Alikuwa akifanya jambo ambalo wanawake wa Unguja walilifanya vizazi na vizazi kabla yake. Alichokivunja si mila. Ni ukuta wa chumba. Aliitoa ngoma ya ndani akaiweka uwanjani, na huko uwanjani watu ambao hawakupata kuiona wakadhani ameivumbua yeye. Wapo wanawake waliolaumu, na lau yao haikuwa ya kijinga: siri ya unyago ilikuwa ngao ya wari, na kitu kikishaonyeshwa kwa kila mwenye tiketi hakiwi tena ngao. Wapo waliojibu kwamba siri isiyo na wa kuirithi hufa na siri yake, na kwamba mabinti wa mji walikuwa tayari wameacha kuja chumbani. Kidude mwenyewe alifanya yote mawili. Aliendelea kufunda wari faraghani kwa miongo mingi, na aliendelea kupiga hadharani.

Miongo hiyo haikuwa ya utukufu. Mtu anayemjua kwa picha za uzeeni, amezungukwa na kamera, husahau kwamba kwa sehemu kubwa ya maisha yake Bi Kidude alikuwa mwanamke maskini wa Ng'ambo na viunga vyake, aliyeishi kwa kazi za mkono. Alitengeneza wanja na kuuuza. Alipaka hina mabibi harusi. Aliwatibu watu kwa dawa za mitishamba. Aliimba arusini. Mapinduzi ya mwaka 1964 yaliupindua utawala, vikundi vya taarab vikapangwa upya, na bado jina lake halikuwa katika safu ya mbele. Sauti yake haikuwa ile laini iliyopendwa na klabu. Ilikuwa kavu, yenye mikwaruzo, inayotoka chini ya kifua.

Mambo yalianza kugeuka katika miaka ya 1980, alipokuwa mtu mzima sana, pale Mohamed Ilyas na kikundi chake cha Twinkling Stars walipomchukua katika safari za nje. Mwaka 1998 sahani yake iitwayo Zanzibar ilitolewa Uingereza. Tamasha la Sauti za Busara lilipoanza mwaka 2004 akawa kipenzi cha jukwaa la Ngome Kongwe. Mwaka 2005, katika mkutano wa WOMEX uliofanyika Newcastle na Gateshead, alitunukiwa tuzo ya heshima ya muziki wa dunia. Mwaka uliofuata Andy Jones akatoa filamu juu ya maisha yake. Vijana wa kizazi kipya wakamwita studio, na wimbo wake mashuhuri kuliko yote, Muhogo wa Jang'ombe, ukapigwa katika mabasi na teksi na watoto wa wajukuu wa wale waliomsema zamani.

Waswahili wana methali isemayo mcheza kwao hutunzwa. Maisha ya Bi Kidude yaliipindua methali hiyo. Alicheza kwao miaka sitini akatunzwa kwa senti za arusini. Alitunzwa kweli alipocheza kwa watu, na sifa ya ugenini ndiyo iliyorudi ikambisha hodi nyumbani. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete alimtunuku nishani ya taifa ya sanaa na michezo. Yale yale yaliyokuwa fedheha kwa binti wa miaka ishirini, yaani sigara, bia, safari na uso wazi, yakawa vichekesho vya kupendeza kwa bibi wa miaka tisini. Uzee ulimpa cheti ambacho jinsia ilimnyima. Mwanamke aliyepita umri wa kuzaa hahesabiwi tena kuwa hatari, na watu humruhusu mengi kwa sababu wanaamini kwamba hana tena cha kuharibu. Basi heshima aliyopewa mwishoni ina uchungu ndani yake, kwani haikuonyesha kwamba jamii ilikuwa imekubali alilolifanya ujanani. Ilionyesha tu kwamba imeacha kuliogopa.

Na hata idhini hiyo ilikuwa na mpaka. Katika mwaka huo huo wa 2012, afya yake ikiwa imedhoofu, pakazuka mvutano wa wazi juu ya nani mwenye kauli juu yake: wapo waliosema kwamba imetosha, apumzike na amrejee Mola wake, wala asipandishwe tena jukwaani, na wapo waliosema kwamba kumzuia kuimba ni kumzuia kupumua. Kila upande ulidai kumpenda, na huenda kila upande ulisema kweli. Lakini linaloonekana ni kwamba mwanamke aliyezikimbia ndoa mbili ili asipangiwe maisha, alifika ukingoni mwa karne nzima akiwa bado anapangiwa. Alifariki Bububu tarehe 17 Aprili 2013. Watu wa tabaka zote walifurika mazikoni, viongozi wakuu wa nchi wakiwamo, na waliombeba ni wanaume, kama sharia na desturi zinavyotaka.

Turejee milimani, kwani hadithi ya Kasulu nayo haijaisha. Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, kiti cha Heru kilikaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Nchi ile ile ambayo ngoma na ufalme ni neno moja kwa jirani zake ilikuwa na mwanamke aliyeshika ufalme, akaketi katika mabaraza pamoja na watemi wanaume, na milima haikuanguka. Baada ya uhuru serikali ya Tanganyika ikaufuta utawala wa machifu wote, wake kwa waume, na viti vyao vikawa historia. Lakini mfano wake unabaki kama ushahidi: mila inayodhaniwa kuwa jiwe imewahi kuinama ilipohitajika kuinama, na waliokuwepo waliona jambo la kawaida.

Ushahidi wa Mwami Theresa na ushahidi wa Bi Kidude si wa aina moja. Yule alizaliwa katika nyumba ya enzi na alipandishwa kitini na nasaba. Huyu alizaliwa kwa muuza nazi na hakuwa na nasaba ya kumpandisha popote. Yule alipewa ngoma kwa maana ya ufalme bila kuipiga. Huyu aliipiga bila kupewa ufalme. Wakiwekwa pamoja, hata hivyo, wanaonyesha jambo ambalo amri ya mwaka 2017 inalisahau: kwamba swali la nani aishike ngoma limejibiwa kwa namna nyingi katika nchi hizi, na kwamba wanaosema hapana kwa jina la mababu aghalabu wamechagua babu mmoja na kuwasahau mabibi kumi.

Makambini, katika udongo mwekundu wa Kasulu na Kibondo, wamezaliwa watoto ambao hawajapata kuiona Burundi. Wavulana kwa wasichana husikia ngoma ile ile. Wanaifahamu mapigo yake kabla hawajafahamu kwamba kuna anayeruhusiwa na asiyeruhusiwa. Msondo wa Bi Kidude, kwa upande wake, haukunyamaza alipozikwa: wanawake wa Unguja aliowafundisha wanaufunga kanga kiunoni mpaka leo, wanaupanda, wanaupiga. Hawahitaji amri ya mtu kuwaruhusu, kwa sababu mwalimu wao hakuwahi kuingoja.